Michael Faraday (1791–1867): Mtoto wa Mhunzi Aliyeunganisha Sumaku na Mwanga

Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha nne hukutana na jina la Michael Faraday mara nyingi. Hulikuta katika mada ya induksheni ya sumakuumeme, katika sheria mbili za elektrolisisi, na hata katika faradi, kizio cha kapasitansi. Lakini ipo kazi yake moja ambayo watahiniwa wengi huipita haraka. Mwaka 1845 Faraday aligundua kwamba sumaku inaweza kuuzungusha mwanga. Ugunduzi huo unatusaidia leo kueleza jambo linalowasumbua mafundi wa mawasiliano: kwa nini mwanga unaopita ndani ya mkongo haukai katika hali moja, bali hubadilika saa hadi saa, na wakati mwingine ghafla radi inapopiga.

Soma wasifu huu kwa makini. Zingatia mfuatano wa matukio na sababu zake, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Utoto na malezi

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, eneo ambalo leo ni sehemu ya kusini ya London, Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na siku nyingi hakuweza kwenda kazini. Mama yake, Margaret, ndiye aliyeishikilia nyumba. Katika miaka ya njaa mwanzoni mwa karne ya 19, bei ya nafaka ilipopanda, inasimuliwa kuwa Michael alipewa mkate mmoja uliopaswa kumtosha wiki nzima.

Shule yake ilikuwa ya kujua kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipofika umri wa miaka 13, mwaka 1804, alianza kazi ya kutumwa na kusambaza magazeti kwa muuza vitabu aitwaye George Riebau. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake wa kujalidi vitabu kwa muda wa miaka 7. Riebau hakumtoza ada ya kufundishwa kazi.

Kazi ya kujalidi ilimpa kijana huyu kile ambacho shule haikumpa. Vitabu vilivyoletwa dukani kushonwa, yeye alivisoma. Alisoma makala kuhusu umeme katika Encyclopaedia Britannica, na kitabu cha kemia cha Jane Marcet kilichoandikwa kwa lugha nyepesi. Vijisenti alivyopata alinunulia vifaa, akarudia mwenyewe majaribio aliyoyasoma. Tabia hii ya kutokubali jambo mpaka alijaribu kwa mikono yake aliishika maisha yake yote.

Kuingia maabara

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya mwanakemia mashuhuri, Humphry Davy, katika taasisi ya Royal Institution mjini London. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora michoro ya vifaa, akajalidi maandishi hayo yakawa kitabu, kisha akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy alimjibu kwa upole, lakini nafasi haikuwapo. Baadaye nafasi ilipatikana, na tarehe 1 Machi 1813 Faraday aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Miezi michache baadaye Davy alisafiri Ulaya, akamchukua Faraday. Safari hiyo ilidumu kuanzia 1813 hadi 1815. Faraday aliwaona wanasayansi wakubwa kama Ampère wa Ufaransa na Volta wa Italia. Hata hivyo, safari ilikuwa na machungu yake. Alitumwa kazi za mtumishi wa nyumbani, na mke wa Davy hakumhesabu kuwa mtu wa kula naye meza moja. Faraday alifikiria kuacha na kurudi kwao. Alivumilia kwa sababu ya elimu aliyokuwa akiipata.

Tuhuma na mvutano

Mwaka 1821 ulikuwa wa furaha na wa majaribu. Mwezi Juni alimwoa Sarah Barnard. Hawakujaliwa watoto, lakini waliishi pamoja kwa mapenzi hadi kifo kilipowatenganisha. Mwezi Septemba alitengeneza kifaa ambamo waya unaopitisha mkondo wa umeme ulizunguka sumaku bila kusimama. Huo ndio msingi wa mota ya umeme.

Aliharakisha kuchapisha matokeo. Mwanasayansi mwingine, William Wollaston, alikuwa amefikiria jambo linalofanana, na watu wakaanza kunong'ona kwamba Faraday ameiba wazo la mwenzake. Kwa kijana asiye na elimu ya chuo wala jina la ukoo mkubwa, tuhuma hiyo ingeweza kumfukuzisha katika sayansi. Faraday alimwendea Wollaston na kujieleza. Mwaka 1824 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, ingawa Davy, aliyemfundisha kazi, alipinga.

Kioo kilichoonekana hakina faida

Sehemu hii ya maisha yake ni muhimu, na mtahiniwa asiiruke. Katikati ya miaka ya 1820, Faraday alipewa kazi ya kutengeneza kioo bora cha darubini. Kioo cha wakati ule kilikuwa na mapovu na mistari iliyoharibu taswira. Mwaka 1827 tanuri lilijengwa Royal Institution, na Charles Anderson, aliyekuwa sajenti wa jeshi, akaajiriwa kulitunza. Anderson alibaki msaidizi wake kwa karibu miaka 40.

Faraday aliyeyusha michanganyiko mingi. Mmoja wao ulikuwa na oksaidi ya risasi kwa wingi, ukatoa kioo kizito kuliko cha kawaida. Alieleza kazi hiyo mbele ya Royal Society mwaka 1829. Lakini lengo halikufikiwa: darubini hazikunufaika na kioo kile. Miaka mizuri ya ujana wake ilikuwa imepita mbele ya tanuri, na mwaka 1831 aliomba aachwe apumzike na kazi hiyo. Vipande vya kioo kizito viliwekwa kando. Hakuvitupa.

Miaka ya ushindi

Baada ya kuachana na kioo, matokeo makubwa yalifuatana. Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alizungushia koili mbili kwenye pete moja ya chuma. Alipowasha au kuzima mkondo katika koili ya kwanza, mkondo wa muda mfupi ulitokea katika koili ya pili. Mwezi Oktoba alipata mkondo kwa kuingiza na kutoa sumaku ndani ya koili. Hiyo ndiyo induksheni ya sumakuumeme, msingi wa jenereta na transfoma.

Mwaka 1833 na 1834 alitoa sheria za elektrolisisi. Mwaka 1836 alionyesha kwamba chaji ya umeme hukaa nje ya kizimba cha metali, na mtu aliye ndani hadhuriki.

Faraday hakujua hisabati ya juu. Mahali pa milinganyo, alitumia picha. Aliona nafasi iliyoizunguka sumaku imejaa mistari ya nguvu, kama ile inayojichora kwa unga wa chuma juu ya karatasi. Wengi waliiona picha hiyo kuwa njia ya mtu asiyejua hesabu. Yeye aliamini mistari ile ina ukweli ndani yake, na kwamba umeme, sumaku na mwanga vina asili moja. Tatizo lilikuwa ushahidi. Alikuwa amejaribu kuona athari ya umeme juu ya mwanga, akashindwa.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1830 afya yake ilivunjika. Alipata kizunguzungu na kusahau mambo. Mwaka 1841 alikwenda Uswisi na mkewe kupumzika. Kwa muda mrefu hakufanya utafiti mkubwa, na kwa mtu aliyetegemea kumbukumbu na mikono yake, kupona hakukuwa jambo la hakika.

Mwanga uliopolaraizishwa ni nini?

Kabla ya kuendelea, tukumbushane. Mwanga ni wimbi mkingamo: mtetemo wake huenda kwa pembe mraba na njia ya wimbi. Shika kamba iliyofungwa ukutani, uitikise juu na chini. Kisha uitikise kulia na kushoto. Katika hali zote mbili wimbi linakwenda ukutani, ila mwelekeo wa mtetemo ni tofauti.

Mwanga wa jua au wa taa una mitetemo ya kila upande. Ukichujwa ukabaki na mtetemo wa upande mmoja tu, tunasema mwanga umepolaraizishwa, na hali hiyo huitwa polaraizesheni. Kichujio cha pili kikisimama sambamba na cha kwanza, mwanga hupita. Kikigeuzwa nyuzi 90, mwanga huzuiwa. Sauti hewani haiwezi kupolaraizishwa, kwa kuwa mtetemo wake huenda sambamba na njia ya wimbi. Hapa watahiniwa wengi hupoteza alama.

Jaribio la Septemba 1845

Mwezi Agosti 1845, kijana William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alimwandikia Faraday akimuuliza kuhusu athari ya umeme juu ya vitu vinavyopitisha mwanga. Swali hilo liliamsha wazo la zamani. Faraday alirudi maabara akiwa na umri wa karibu miaka 54.

Alianza na umeme, asione kitu. Akageukia sumaku. Alipitisha mwanga uliopolaraizishwa katika hewa, katika vioo vya kawaida na katika fuwele mbalimbali, karibu na ncha za sumaku-umeme yenye nguvu. Hapakuwa na badiliko. Tarehe 13 Septemba 1845 alichukua kipande cha kioo kizito, kile kilichobaki kutoka kwenye kazi iliyoshindikana ya darubini.

Alikiweka karibu na ncha za sumaku ili mwanga upite sambamba na mistari ya nguvu. Upande wa pili aligeuza kichujio mpaka taa isionekane kabisa. Kisha akaunganisha umeme. Taa ikaonekana. Akakata umeme, taa ikapotea. Alipogeuza kichujio kidogo huku umeme ukiwaka, giza lilirudi. Maana yake ni kwamba sumaku haikuongeza mwanga wowote. Ilikuwa imeuzungusha mwelekeo wa mtetemo.

Kwa sumaku yenye nguvu zaidi aliipata athari hiyo hata katika vitu vilivyoshindwa mwanzoni. Kioo kizito kilifaulu kwanza kwa sababu kinazungusha mwanga kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko vioo vingine. Leo tunaiita athari ya Faraday. Pembe ya mzunguko huongezeka kadiri uga wa sumaku unavyokuwa na nguvu, kadiri njia ya mwanga inavyokuwa ndefu, na hutegemea aina ya kitu ambamo mwanga unapita.

Faraday aliona jambo jingine la ajabu. Myeyuko wa sukari nao huzungusha mwanga, lakini mwanga ukirudishwa kupitia njia ileile, mzunguko hujifuta. Katika athari ya Faraday, mwanga ukirudi, mzunguko hujumlishwa. Kwa hiyo aliakisi mwanga mara nyingi ndani ya kioo ili kuikuza athari ionekane vizuri.

Huu ulikuwa ushahidi wa kwanza wa jaribio kwamba mwanga na sumaku vinahusiana. Katika miaka ya 1860, James Clerk Maxwell aliitafsiri mistari ya Faraday kwa lugha ya hisabati, akaonyesha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la sumakuumeme.

Kutoka kioo kizito hadi mkongo wa mawasiliano

Mwaka 1966, karibu miaka 100 baada ya kifo cha Faraday, Charles Kao na George Hockham walieleza kwamba uzi wa kioo safi unaweza kubeba mawasiliano kwa mwanga. Leo nyaya za namna hii zimelala chini ya bahari na ardhini. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Uzi wa masafa marefu una kiini chenye upana wa takriban mikromita 9 tu, na mwanga husafiri humo kwa kuakisiwa ndani.

Kama uzi ungekuwa mviringo kamili na haubanwi popote, polaraizesheni iliyoingia ndiyo ingetoka. Hali halisi si hiyo. Kiini hakikosi kasoro ndogo, na uzi hupindwa, hukazwa na hupata joto. Kasoro hizo hufanya mtetemo wa upande mmoja uende kwa kasi tofauti kidogo na ule wa upande wa pili. Baada ya kilomita nyingi, mwanga hutoka ukiwa na polaraizesheni isiyofanana na ile ya mwanzo. Tena haitulii:

(a) Waya uliofukiwa ardhini au ulio chini ya bahari hubadilika polepole, kwa kuwa joto la mahali hapo halipandi wala kushuka haraka.

(b) Waya uliotundikwa kwenye nguzo hutikiswa na upepo na hupigwa jua, hivyo hubadilika kwa haraka zaidi.

(c) Uzi ukiguswa na fundi, au mtikisiko wa gari moshi ukipita karibu, badiliko hutokea papo hapo.

(d) Radi ikipiga, badiliko huwa la kasi kubwa kuliko yote.

Sababu tatu za kwanza ni za kukaza, kupinda na joto. Hizo si athari ya Faraday. Ya nne ndiyo yake. Katika njia nyingi za umeme wa msongo mkubwa, waya wa juu kabisa wa kukinga radi hubeba nyuzi za mkongo katikati yake. Nyuzinyuzi za metali zimesokotwa kuuzunguka mkongo. Radi inapoupiga, mkondo mkubwa huzunguka kama katika koili, na koili hutengeneza uga wa sumaku unaoelekea sambamba na uzi. Mwanga ulio ndani huzungushwa, sawasawa na ulivyozungushwa katika kile kipande cha kioo mwaka 1845, ila sasa ni ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Zamani jambo hili halikusumbua sana, kwa kuwa vipokezi vilipima ukali wa mwanga tu. Mifumo mipya ya masafa marefu hutuma ujumbe mmoja katika mtetemo wa upande mmoja na ujumbe wa pili katika mtetemo wa upande wa pili, na hivyo huongeza maradufu kinachobebwa. Kwa hiyo kipokezi lazima kifuatilie mabadiliko ya polaraizesheni bila kuchoka. Badiliko likiipita kasi yake, ujumbe hupotea kwa muda.

Athari hiyohiyo hutusaidia pia. Kuna kifaa kinachowekwa mbele ya leza ili kuruhusu mwanga uende upande mmoja tu. Mwanga unaokwenda huzungushwa nyuzi 45. Ukiakisiwa na kurudi, huzungushwa nyuzi 45 nyingine kwa mwelekeo uleule, jumla 90, nao huzuiwa na kichujio. Hapa ndipo lile jambo la mzunguko unaojumlishwa linapofanya kazi.

Miaka ya mwisho

Faraday alikuwa mtu wa dini na asiyependa makuu. Alikataa cheo cha heshima cha Sir, na alikataa urais wa Royal Society. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court. Kumbukumbu yake iliendelea kupungua. Mwaka 1862 alifanya jaribio lake la mwisho, akitafuta kama sumaku inaweza kubadili mistari ya spektra ya mwanga wa mwali. Hakuona kitu, maana vifaa vyake havikutosha. Mwaka 1896 Pieter Zeeman wa Uholanzi aliiona athari hiyo.

Michael Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, kama raia wa kawaida.

Mambo ya kukumbuka

1. Kukosa matokeo yaliyotarajiwa si kupoteza kazi yote. Kioo kisichofaa kwa darubini ndicho kilichofichua uhusiano wa sumaku na mwanga.

2. Ni wimbi mkingamo pekee linaloweza kupolaraizishwa.

3. Athari ya Faraday hutegemea nguvu ya uga wa sumaku, urefu wa njia ya mwanga na aina ya kitu.

4. Polaraizesheni ndani ya mkongo hubadilika kwa sababu ya joto, kupinda, mtikisiko na uga wa sumaku wa radi. Usizichanganye sababu hizi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza namna kazi ya kujalidi vitabu ilivyochangia elimu ya Faraday.

2. Kwa nini tuhuma za mwaka 1821 zilikuwa hatari kwa Faraday kuliko ambavyo zingekuwa kwa mwanasayansi aliyesoma chuo?

3. Katika jaribio la 1845, Faraday alijuaje kwamba sumaku imezungusha mwanga na si kuongeza ukali wake?

4. Waya wa mkongo uliotundikwa juu ya nguzo na ule uliolala chini ya bahari, upi hubadilisha polaraizesheni haraka zaidi? Toa sababu mbili.

5. Kwa kutumia ulichojifunza kuhusu koili, eleza jinsi radi inavyoweza kuathiri mwanga ndani ya mkongo ingawa kioo hakipitishi umeme.

6. Fupisha sehemu inayohusu kioo kizito kwa maneno yasiyozidi 60.